Aliyemuuguza Bibi Melania

Katonga, Kigoma
Jumatano

Dada yangu mpendwa Recho,

Salamu nyingi zikufikie huko juu Kalinzi kwenye baridi. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, na kwamba mguu wa bibi yetu umeanza kukanyaga chini bila kumliza. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mama yupo, goti linamsumbua kila asubuhi, lakini akishafika sokoni na kuanza kuvutana na wauza samaki wa migebuka linapona lenyewe. Ziwa limechafuka karibu wiki nzima, mitumbwi imelala, na dagaa wachache waliopo wanauzwa kwa majivuno. Mama Wema wa jirani anakusalimu sana, anauliza kama huko kahawa imeanza kuiva.

Najua utashangaa kwa nini nimeandika barua, wakati simu yako inashika vizuri ukipanda pale juu penye kahawa. Nimekupigia, dada. Kila ukipokea unaniita daktari wako, unacheka, na mimi maneno yananikauka, naishia kukuuliza habari za maharage. Tangu majina ya waliochaguliwa chuo yatoke umefurahi kuliko hata mimi. Umenitumia vitabu vyako vya baiolojia, umenitumia maharage, na Bariki wa bodaboda aliyeleta mzigo akaniambia Kalinzi nzima wanajua kwamba nyumba yetu imepata daktari. Alidhani ananifurahisha. Niliingia ndani nikakaa kitandani na lile furushi mapajani, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Nafasi ile ya udaktari sikuipata kwa njia unayowasimulia watu. Naomba uvumilie usome mpaka mwisho, tena usome kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi kuna mgeni anakuja huko kwako, na sitaki akukute hujui lolote. Nitaanzia mbali, hata kwa yale unayoyajua kuliko mimi. Nikianzia katikati nitajipendelea, na wewe unanijua kwa kujipendelea.

Wewe ulimaliza kidato cha sita kabla yangu, na matokeo yako walimu walikuwa wakiyataja kwa wanafunzi wengine. Chuo kile cha kanisa kilikuchagua, mkopo haukutoka, na tangu baba atutoke hakukuwa na wa kukulipia. Ukarudi ukakaa nyumbani. Hukulalamika, na hilo lilikuwa likinikera, kwa sababu mimi ningelalamika mpaka ng'ambo kule Kongo wasikie. Halafu Bibi Melania jirani yetu akapigwa na kiharusi. Ukampelekea uji asubuhi moja, ukabaki kule. Ulimwosha, ulimgeuza ubavu huu na ubavu ule asipate vidonda, ulimlisha kijiko kwa kijiko. Mwanawe wa pekee, Daktari Leodgar, alikuwa huko mbali anakofundisha, kwenye chuo kilekile kilichokuchagua ukashindwa kwenda. Alikuwa akituma matumizi na kupiga simu, na kila simu alisema anakuja wanafunzi wakimaliza mitihani.

Unakumbuka siku niliyokutania nikasema wewe humwoshi Bibi Melania, unaosha njia ya kwenda chuoni. Ulichukua beseni lako ukatoka, na kwa siku kadhaa ulinijibu kwa mkato. Nilijiambia mtu akiudhika na utani ujue umemgusa penyewe. Leo najua nilikuwa nakutazama wewe huku najieleza mimi.

Bibi alipofariki, wewe na akina mama ndio mliomwosha. Mwili ukapelekwa mochwari kumsubiri mwanawe. Na kabla hajafika zikaja habari kwamba bibi yetu ameteleza shambani akavunjika mguu, ikabidi upande pikipiki uende Kalinzi. Ulilia kwa kuyakosa mazishi. Mama alikuambia marehemu anajua, na watu wote wa Katonga wanajua. Kweli walijua. Aliyekuwa hajui ni mmoja tu.

Basi siku Daktari Leodgar alipofika, Mama aliniita jikoni akaniambia nijifunge khanga niende msibani, nikaonekane. Alisema mtu mkubwa kama yule haji kila siku, tena anakaa na wale wanaochagua wanafunzi wa kufadhiliwa na kanisa, na mimi nimeshaomba chuo na matokeo yangu yanafika mlangoni lakini hayaingii ndani. Sikumbishia. Nilikwenda nikafanya kazi kama punda. Nilimenya ndizi, nilisugua masufuria, nilibeba maji, na kila alipopita Daktari nilihakikisha niko kwenye njia yake. Na nililia, dada. Nilimlilia Bibi Melania kuliko ndugu zake waliotoka Ilagala, mimi niliyekuwa nikimpelekea chakula nikikitua mlangoni na kukimbia, kwa sababu harufu ya chumba cha mgonjwa ilinishinda.

Baada ya mazishi, Daktari aliwauliza akina mama ni nani hasa aliyemuuguza mama yake. Mama Wema akamjibu kwamba ni binti wa Mama Recho, akatuelekezea kidevu pale tulipokuwa tumekaa mimi na Mama. Hakutaja jina, unajua watu wa huku, mtoto ni wa nyumba fulani basi. Yule mzee akaja moja kwa moja kwangu. Akaichukua mikono yangu yote miwili, ilikuwa bado na masizi, akaniuliza kama ni mimi. Nilimtazama Mama. Mama aliinamisha macho akaanza kuikaza khanga yake ambayo haikuwa imelegea. Nikasema ndiyo, baba, ni mimi.

Siku ya kumaliza matanga walinikalisha mkekani karibu na mfiwa, mahali pa aliyeuguza, wakanikabidhi kitenge cha marehemu mbele ya watu. Mama Wema alikuwepo, majirani wote walikuwepo. Nilingoja mmoja akohoe tu. Hakuna aliyekohoa. Baadaye Mama Wema aliniambia taratibu, huku akinitazama pembeni, kwamba shukrani imeingia nyumba ileile iliyostahili, haikwenda kwa mgeni, na si vizuri kumwaibisha mtu msibani. Mama naye akasema kilichoingia nyumbani ni cha wote, na wewe una subira, zamu yako itafika. Usiku ule sikulala, dada, ila chakula nilikula nikashiba. Walionyamaza siwalaumu sana. Wao walinyamaza, mimi nilisema.

Daktari aliniuliza ndoto yangu, nikamwambia udaktari. Akaomba kuona matokeo. Aliyatazama kwa muda, akasema ukweli ni kwamba kuna waliofaulu zaidi yangu, na kwamba vimemo vya wakubwa huja mezani kwake kila mwaka na yeye huvichana, kwa kuwa hapendi mtu wa kubebwa. Lakini hiki, akasema, si kimemo, hii ni shukrani ya mtoto kwa mtu aliyeshika mahali pake. Akasema mtu anayeweza kumgeuza mgonjwa kwa muda wote ule asimpatie kidonda hata kimoja ameshaanza udaktari tayari, vingine atafundishwa. Niliyasikia maneno hayo nikijua ni yako, kila moja. Nikainamisha kichwa, akadhani ni unyenyekevu.

Ningeishia hapo ningekuwa mwizi wa kawaida. Sikuishia hapo.

Kabla hajaondoka aliniomba nikae naye chini ya turubai, watu wakiwa wanakunja mikeka. Alitaka kujua siku za mwisho za mama yake. Aliuliza kama aliumia, kama alimtaja, kama alikuwa amemkasirikia. Aliuliza huku akichezea kifuniko cha chupa ya maji, mzee mzima yule, hanitazami. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema tu kwamba alipumzika kwa amani, kama watu wanavyosema.

Wewe ulikuwa umeniambia ukweli. Siku ile uliyomwosha uliporudi ulinieleza kwamba Bibi alikuwa akitaka alazwe akielekea dirishani, ili aone barabara inayoshuka kutoka mjini, na kila gari likisikika alikuwa akinyanyua kidevu. Halafu ikaja ile simu ya Daktari kwamba amekwama tena, na baada ya hapo Bibi akakuomba umgeuze aelekee ukutani. Akakuambia usimgeuze tena upande wa barabara, amechoka kutazama. Na akafa akiwa ameelekea ukutani. Uliniambia nisimwambie mtu, kwa sababu yakimfikia mwanawe hatapona. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na wewe uliihifadhi kama inavyotakiwa.

Mimi nilichukua siri yako nikaigeuza ndani nje. Nilimwambia Daktari kwamba mama yake hakutaka kuelekea pengine ila barabarani, na kwamba alikata roho akitazama dirishani, akasema Leodgar yuko njiani. Nikaongeza kwamba alitabasamu. Hilo la kutabasamu sijui lilitoka wapi, lilikuja lenyewe, kama muuzaji anayeongezea mteja dagaa wa juu ya kipimo. Yule mzee aliinama akalia mpaka miwani ikaanguka. Alipoinuka uso wake ulikuwa umepumzika. Akaniombea baraka. Nikajidanganya kwamba nimemfanyia wema, na kwa wiki kadhaa niliishi ndani ya uongo huo vizuri tu. Majina yakatoka, langu likiwemo, Mama akapiga vigelegele, wewe ukatuma maharage.

Juma lililopita Daktari alirudi kuja kujengea kaburi. Ijumaa mchana Mama akanipa hotipoti ya chakula nimpelekee makaburini. Nilimkuta amekaa kwenye jiwe, fundi amepiga saruji bado mbichi, anaandika kwa msumari taratibu, kama mtu anayeogopa kukosea. Nilisogea nimsalimie fundi. Jina la Bibi Melania lilikuwa limekwisha, na chini yake alikuwa ameshaandika Leodgar yuko, anaanza neno la tatu. Daktari aliniambia kwa furaha kwamba ameona aweke maneno ya mwisho ya mama yake, wajukuu wayasome, na wajukuu wa wajukuu.

Nilishindwa, Recho. Sijui kama ni woga au ni nini. Kusema uongo kwa mdomo niliweza. Kuuona unaandikwa juu ya kaburi la yule mama, ukauke, watu waje na maua wausome, huyo akiwa amelala chini pale na anajua alichosema, nilishindwa. Niliitua hotipoti chini nikapiga magoti. Nikamwambia kwamba si mimi niliyemuuguza mama yake, ni dada yangu Recho, na kwamba maneno yale mama yake hakuyasema, niliyatunga mimi. Fundi alisimama na msumari wake hewani, maskini, hajui atazame wapi.

Nilingoja matusi. Ningeyapokea, yangenipunguzia. Hakunitukana. Alimwambia fundi alainishe saruji pale chini ya jina, apaache patupu. Fundi akapitisha mwiko. Halafu Daktari akaniuliza uko wapi, nikamwambia Kalinzi kwa bibi. Akaniuliza, basi mama yake alisema nini. Hapo, dada, nilikuwa na ukweli wako mdomoni. Lakini ulinikataza, na mimi nilikuwa nimeshakuibia vya kutosha. Nikamjibu kwamba sikuwepo, aliyekuwepo ni wewe. Akatikisa kichwa. Akasema Jumamosi atapata gari la kumpandisha huko, atakuja akuulize mwenyewe. Kisha akaniomba nirudishe chakula nyumbani.

Kuhusu nafasi ya chuo hakusema neno, nami sikuuliza. Jumatatu nilikwenda mjini, nikawaandikia chuo kwamba sitaripoti, wampe mwingine. Sijui kama mwingine huyo atakuwa wewe. Natamani iwe hivyo mpaka naogopa kuiombea, kwa sababu maombi yangu siku hizi siyaamini. Kitenge nimekikunja nimemkabidhi Mama Wema akutunzie. Alikipokea bila kunitazama usoni, akaniuliza tu kama nimekula.

Mama nimemweleza yote. Amekasirika, na hasira yake si kwa uongo, ni kwa kuusema. Anasema nimeitupa nafasi iliyokuwa mkononi, na sasa nyumba yetu itakosa huku na huku. Mchuma janga hula na wa kwao, ameniambia hivyo mara nyingi tangu Ijumaa. Jana jioni alikaa karibu nami akatulia, akaniagiza nikuandikie haraka kabla Daktari hajafika. Agizo lake ni hili, naliandika kama alivyolisema, kwa kuwa nilimwahidi nitaliandika. Anasema umwambie Daktari kwamba wewe ndiye uliyemuuguza mama yake, jambo ambalo ni kweli, halafu umwambie kwamba Bibi alikufa akitazama barabarani na kusema mwanawe yuko njiani. Anasema useme kwamba mimi niliyasikia kutoka kwako, nikababaika tu pale kaburini kwa sababu ya woga. Ukisema hivyo, mzee atapona moyo, na nafasi itakuwa yako, ambayo ilikuwa yako tangu mwanzo. Anasema hakuna atakayeumia, na Bibi Melania hawezi kuja kukanusha.

Nimelitafakari agizo hilo tangu jana na sioni pa kulilaumu, isipokuwa kwamba ni hesabu zilezile nilizozipiga mimi chini ya turubai. Na jambo linalonitia aibu kuliko yote nimeligundua nikiliandika hapa. Wewe ulikuwa umekaa kimya kwa kumhurumia mtu. Ungeweza kukaa kimya maisha yako yote na asiulize mtu. Mimi ndiye niliyemtengenezea yule mzee swali, nikalipandisha gari, nikalituma mpaka mlangoni kwako. Sasa ama useme uongo wangu upate chuo, ama useme ukweli wako umvunje moyo mtu ambaye kazi yake ni kuchagua nani asome. Hukuiomba njia panda hiyo. Nimekuweka hapo mimi, mdogo wako, kwa sababu nilitaka kuonekana msibani.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Ukirudi Katonga nitapiga magoti, na ukinipita nitaelewa. Wala sitakushauri useme nini, haki hiyo sina tena. Ninachokuomba ni kimoja. Usimwambie lolote kwa ajili ya kunificha mimi, wala kwa ajili ya kumfurahisha Mama. Yule mzee anapanda milima yote hiyo kuuliza mama yake alikuwa ameelekea wapi. Wewe ndiye uliyemgeuza. Mimi sikuwepo.

Mwamkie bibi yetu kwa niaba yangu, umpigie makofi ya heshima kama anavyopenda, umwambie nitapanda kuja kuchuma kahawa badala yako kama atanikubali. Bariki anaondoka sasa hivi na pikipiki imeshawaka, anasema atakufikishia mkononi kabla ya jioni.

Mungu akulinde, dada.

Ni mimi mdogo wako,
Elida